Niliduwaa majeruhi walipoletwa: je, sifai kuwa muuguzi wa dharura?

"Shikamoo Sista. Nina stashahada ya uuguzi na miaka minne kazini, niko hospitali ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu. Wiki tano zilizopita, zamu ya usiku, basi na lori viligongana karibu na kwetu. Kati ya saa saba na saa nane tukaletewa majeruhi 31, wengine kwa bodaboda, wengine nyuma ya pikapu, bila hata simu ya kututaarifu. Mapokezi tulikuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji na mama mjamzito. Sista, mimi nilisimama. Nilishika glavu, nikaziangalia, sikuzivaa. Mhudumu aliponiita kwa jina ndipo nikaanza kazi, na hata hapo nilianza na kijana aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, kumbe amevunjika mkono tu. Pembeni kulikuwa na baba mmoja amekaa kimya ukutani. Baadaye alifariki. Wenzangu wananiambia nitazoea. Hospitali ina mpango wa maafa, nasikia uko ofisini kwa Mganga Mfawidhi, sijawahi kuuona. Semina wanakwenda walewale. Siku hizi nikisikia lori linafunga breki moyo unaruka. Je, mimi sifai kwa dharura? Na mtu wa ngazi yangu anajiandaaje kwa jambo asilojua litakuja lini?"

Marahaba, mdogo wangu. Na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeishia kwa yule baba wa ukutani, maana nadhani hata wewe ndipo unapoishia kila ukijaribu kulala. Nitamrudia.

Nianze na hilo la kufaa au kutofaa, kwa sababu ukishaamini kwamba hufai, maandalizi yoyote nitakayokueleza utayasoma kama ya watu wengine.

Kuduwaa kwako hakukutokana na woga wala uzembe. Mwili ukishtuliwa na jambo kubwa, humwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, macho yanabana na kuona kitu kimoja tu kilicho mbele, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga na kuchagua hupungukiwa nguvu kwa muda. Wakati huohuo ubongo unapekua kumbukumbu: hili nimewahi kulifanya wapi? Ukipata jibu, mikono inaanza kazi kabla hujajua. Usipopata, unasimama. Wewe umeshachoma maelfu ya sindano, umezalisha, umehesabu mapigo ya mtoto mwenye malaria kali usiku wa manane bila kuduwaa, kwa kuwa ubongo wako unayo njia iliyopitwa mara nyingi. Lakini majeruhi 31, wauguzi wawili, daktari hayupo: njia hiyo hujawahi kuoneshwa. Ulisimama kwenye njia panda isiyo na kibao.

Hata mimi niliwahi. Mwaka wangu wa pili kazini, hospitali ambayo haina haja ya kutajwa, daladala lilipinduka na tukajaa ghafla. Nilitumwa kufungua mtungi wa oksijeni. Nikauzunguka mtungi ule mara mbili, tatu, nikitafuta spana ya kufungulia, nikapekua droo, nikapekua toroli, nikataka kulia. Spana ilikuwa imefungwa kwa bandeji kwenye shingo ya mtungi wenyewe. Ilikuwa mbele ya pua yangu. Niliyemwona baadaye akicheka ni mwanafunzi, nami nikacheka naye, lakini usiku sikulala. Leo ninafundisha dharura. Kwa hiyo ukiniuliza kama mtu aliyeduwaa anafaa, unamuuliza aliyeduwaa.

Tena angalia ulichoandika mwenyewe, ukakipita haraka: ulipoitwa kwa jina, ulianza. Hicho ndicho kinachotokea kwa watu wengi. Kuduwaa huvunjwa na agizo fupi lililoelekezwa kwa mtu mmoja: "Neema, vaa glavu, njoo hapa." Ukisema "jamani mtu alete dripu", kila mtu anasikia na hakuna anayekwenda. Mhudumu wako alifanya jambo sahihi kabisa, iwe kwa kujua au kwa kubahatisha.

Sasa kuhusu hao wanaokuambia utazoea. Wanakupenda, lakini wamekosea. Kuzoea ni mambo mawili tofauti yaliyovaa jina moja. Kuna kuzoea kuona damu, huko kunakuja kwenyewe. Na kuna kujua la kufanya, huko hakuji kwa kukaa kazini. Ajali kubwa kwa bahati nzuri ni chache. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka 20 akakutana nazo tatu, na zote tatu akazifanya kwa makosa yaleyale. Nimewaona wakongwe wa namna hiyo. Hawaduwai tena, wanakimbia sana, wanapiga kelele sana, na mwisho wa usiku chumba kizima kimekimbia bila mpangilio.

Hapa ndipo niseme kitu kuhusu namna sisi wauguzi tunavyojiona. Ukitupa dodoso utuulize, "Uko tayari kwa maafa kwa kiwango gani?", wengi tutaweka alama katikati, tusionekane wa kujisifu wala wa kujidharau. Aliyewahi kushiriki zoezi au kupitia tukio lenyewe atajipa alama ya juu zaidi. Lakini kujiamini si kipimo cha uwezo. Mimi ninapotaka kujua kama wodi iko tayari siulizi mtu anajisikiaje. Ninauliza: kanula kubwa (vimirija vya kuingizia dripu mshipani) za rangi ya machungwa na kijivu ziko wapi, na usiku ufunguo wa kabati hilo anakaa nao nani? Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, jibu lilikuwa kwamba ufunguo uko kwenye mkoba wa kiongozi wa wodi, na mkoba huo saa nane usiku ulikuwa Mbagala. Wote tulikuwa tumejaza kwenye fomu kwamba tuko tayari.

Tusiwalaumu sana waliotutangulia, ingawa. Muhimbili yenyewe, hospitali ya taifa ya Tanzania, ilifungua idara ya dharura iliyokamilika mwaka 2010, ya kwanza nchini. Kabla ya hapo tulikuwa na "mapokezi", mahali pa kuandikisha, kupima presha na kungoja daktari. Wengi wa wauguzi wafawidhi wa leo walisomea enzi hizo. Hakuna aliyewafundisha kuamua nani aanze, nao hawakuwa na cha kukurithisha.

Kwa hiyo tuje kwenye kuamua nani aanze, maana hapo ndipo usiku wako ulipoharibikia, na ni jambo la kujifunza.

Umesema walikuja kwa bodaboda na pikapu. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mahali. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo usoni na machoni, kwa kuwa mlio wa kwanza uliwafanya wasogee madirishani kuchungulia kabla mlipuko mkubwa haujaja. Majeruhi wakabebwa kwa magari ya watu binafsi na matatu, kwa chochote chenye magurudumu. Hakuna aliyewapanga njiani. Na kawaida ya msafara kama huo ni kwamba wanaofika mapema wengi ni wale wenye nafuu, wanaoweza kutembea au kupakiwa haraka. Aliyebanwa kwenye vyuma anakuja baadaye. Ukiwajaza wa kwanza kwenye vitanda vyote na ukamaliza dripu zote kwao, wimbi la pili litakukuta mikono mitupu.

Ndiyo maana kuna triaji ya majeruhi wengi, yaani kuwapanga kwa rangi kulingana na nani aanze kutibiwa, na msingi wake ni mwepisi kuliko watu wanavyofikiri. Unasimama mlangoni, si ndani. Unasema kwa sauti: "Anayeweza kutembea aende pale chini ya mwembe." Wote wanaotembea ni kijani kwa sasa, yaani wanaweza kungoja, na mhudumu mmoja anakaa nao. Kwa sentensi hiyo moja, katika watu wako 31, huenda 15 wangeondoka mlangoni. Waliobaki unampitia kila mmoja kwa nusu dakika hivi. Hapumui? Mfungulie njia ya hewa. Akianza kupumua ni nyekundu, yaani wa kutibiwa kwanza; asipoanza ni nyeusi, yaani hatarajiwi kupona. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Nyekundu. Mapigo ya kifundo cha mkono hayashikiki, au ukibonyeza kucha damu inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi? Nyekundu. Ukimwambia "nishike mkono" hakuelewi? Nyekundu. Amepita yote hayo ila hawezi kusimama? Njano, anafuata baada ya nyekundu. Katika hatua hii tiba ni mbili tu: kufungua njia ya hewa, na kuzuia damu inayobubujika kwa kukandamiza au kufunga mkanda. Dripu, kushona, kuandika historia, vyote vinangoja. Kwa watoto kuna tofauti kidogo: mtoto asiyepumua lakini ana mapigo hupewa pumzi 5 kabla hujaamua, kwa sababu moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa kukosa hewa.

Sasa rudi ukutani. Baba amekaa kimya. Katika utaratibu huu kelele haina alama. Anayepiga kelele ana njia ya hewa iliyo wazi, ana pumzi ya kutosha na ubongo unapata damu. Kwa kelele zake ameshakujibu maswali matatu. Mwenye kutisha ni yule aliyenyamaza, aliyepauka, mwenye jasho la baridi, anayehema harakaharaka kwa pumzi fupi, kwa kuwa huenda damu inavuja ndani ya tumbo au kifua bila tone kuonekana nje. Sikio la binadamu linakimbilia kelele. Sikio langu pia. Utaratibu uliwekwa ili tusilitegemee sikio.

Je, angepona ungemwona mapema? Mdogo wangu, sikumwona, na sitakudanganya kwa upande wowote. Kama alikuwa anavuja ndani, alihitaji damu na kisu cha upasuaji, na usiku ule chumba cha upasuaji kilikuwa na mama mjamzito na daktari mmoja. Hilo halikuwa mikononi mwako. Kumwona lilikuwa mikononi mwako, ila hakuna aliyekuwa amekufundisha kumtafuta. Ubebe lile lililo lako, na ulibebe kama somo. Lililo la hospitali warudishie hospitali.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo watu waliokwisha kuumizwa na kifo kama hicho hulifanya sana: tukio linalofuata wanampa kila mtu rangi nyekundu, wasije wakamkosa mmoja. Nyekundu zikiwa 20, hakuna nyekundu. Daktari anampasua wa tano huku aliyestahili kuwa wa kwanza yuko wa kumi na saba. Na ile rangi nyeusi, najua inavyouma. Sisi tumelelewa kwamba mgonjwa hatelekezwi. Nyeusi kwa aliye bado na uhai kidogo haina maana ya kumwacha peke yake. Apate dawa ya maumivu ikiwepo, apate mtu wa kumshika mkono, ndugu au mchungaji au shehe. Na mkipata nafasi mnarudi kumpima upya, kwa sababu rangi hubadilika. Nimeshuhudia wa njano akigeuka nyekundu tukinywa chai.

Kuhusu maandalizi sasa. Utashangaa nikikuambia kwamba lenye faida kubwa halihitaji semina wala bajeti: ni kuzijua dakika 10 za kwanza kwa kichwa, kama unavyojua sala. Nani anasimama mlangoni? Nani anapiga simu, na anampigia nani kwanza? Kijani wanakwenda wapi, nyekundu wanakwenda wapi? Vifaa vya kwanza viko kwenye boksi gani? Ukiwa kwenye zamu ya kawaida, mapokezi pakiwa patulivu, jiulize maswali hayo na ujibu kwa kuinuka na kutembea hadi pale kitu kilipo. Kutembea ni muhimu. Mikono na miguu ina kumbukumbu yake, nayo ndiyo itakayokusaidia siku ile sehemu ya mbele ya ubongo itakapokuwa imepungukiwa.

Boksi lenyewe liwe la plastiki lenye mfuniko, liandikwe kwa maandishi makubwa, lifungwe kwa utepe wa kukatika na si kwa kufuli. Ndani weka glavu, bandeji pana, gozi nyingi, mikanda ya kukaza damu, kanula kubwa, mikasi ya kukatia nguo, kalamu nene za kuandikia juu ya ngozi, na kadi za rangi. Kadi ukizikosa, vitambaa vya rangi kutoka kwa fundi cherehani vinafanya kazi ileile. Andika muda wa kufunga mkanda wa damu kwenye paji la uso la mgonjwa, karatasi hupotea. Na weka orodha ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu yenye majina yote ndiyo itakayozima chaji usiku huo.

Wengi siku hizi wanategemea kundi la WhatsApp kuita wenzao. Ni zuri, nami nalitumia, lakini lina kasoro mbili. Waliolala hawasikii ujumbe, wanasikia simu ikiita. Na ujumbe wa "njooni wote haraka" ukifanikiwa, wote wanakuja kweli, saa mbili asubuhi wote wamechoka, na zamu ya mchana haina mtu. Mkiita, iteni nusu. Nusu nyingine waambiwe walale, waje asubuhi. Msiba wa Morogoro ulitufundisha hilo kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100, wengi palepale na wengine siku na wiki zilizofuata, wengi wao wakiwa wamehamishiwa Muhimbili. Majeraha ya moto hayaishi usiku mmoja. Ni dripu za maji kwa hesabu ya kilo za mgonjwa na saa, ni kusafisha vidonda kila siku, ni njia ya hewa inayoweza kuvimba taratibu kwa mtu aliyefika akiongea vizuri. Aliyetumia nguvu zote siku ya kwanza alikuwa na majuma mbele yake.

Baada ya hapo ni zoezi la mezani. Watu sita, meza moja, nusu saa baada ya kukabidhiana zamu. Mmoja anasoma: "Saa saba na robo, pikapu imeleta watu wanne, wawili wanatembea." Kila mtu anasema angefanya nini na angesimama wapi. Mnaweka vifuniko vya soda kama wagonjwa, mnavisogeza. Mara ya kwanza mtacheka na mtagundua kwamba watu watatu walidhani wao ndio wa kusimama mlangoni na hakuna aliyedhani ni wa kupiga simu benki ya damu. Ugunduzi huo ndio wenye thamani. Mhudumu wako awemo, mlinzi wa getini awemo. Mlinzi ndiye atakayezuia ndugu 80 wasiingie, na kwa kawaida hakuna anayemwambia.

Mazoezi makubwa yale ya magari ya zimamoto na watu waliopakwa rangi nyekundu yana nafasi yake, lakini nitakuwa mkweli: mengi niliyoyaona yalikuwa maonesho. Mgeni rasmi amefika, majeruhi wamepangwa kivulini tangu saa tatu, kila mtu anajua litakalotokea. Picha zinapigwa, chakula kinaliwa. Zoezi la maana ni lile la saa kumi na moja alfajiri bila taarifa, la kupima jambo moja dogo: kwa mfano, inachukua dakika ngapi kumwamsha mtu wa maabara? Likifanyika mara moja kila miezi mitatu, linazidi la mgeni rasmi.

Kuhusu mafunzo, hilo la wanaokwenda ni walewale ni kweli na linaudhi, sina dawa yake kamili. Lakini Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mwaka 2018 kozi ya huduma za msingi za dharura kwa wahudumu wa ngazi zote, na kitabu chake kinapatikana bure; hata kabla ya kupata nafasi darasani unaweza kukisoma na mwenzako, mkafanyiana kwa zamu mazoezi ya A, B, C, D, E (njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumkagua mwili mzima). Shirika la Afya Duniani pia lina masomo ya bure mtandaoni. Masomo ya mtandaoni yatakupa maneno na mpangilio. Hayatakupa mikono. Kufungua njia ya hewa, kutumia begi na barakoa ya kumpumulisha mgonjwa, kufunga mkanda wa damu, hivyo lazima usimamiwe na mtu anayekuona ukikosea. Omba wiki moja ya kukaa idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Barua ya namna hiyo kwa Muuguzi Mfawidhi ina nafasi nzuri ya kukubaliwa kuliko kuomba semina, kwa sababu haidai posho.

Na ule mpango wa maafa ulioko ofisini. Uombe. Kwa heshima, kwa maandishi, ukitaja usiku ule: "Naomba nakala ya mpango ili mapokezi tuandae kadi za majukumu." Usiende kulalamika, nenda kuomba kazi. Mpango wa kurasa 60 hausomwi na mtu saa saba usiku. Unachohitaji ni kuukata uwe kadi, ukurasa mmoja kwa kila jukumu: wa mlangoni, wa simu, wa nyekundu, wa vifaa. Wa mlangoni anaposhika kadi yake hahitaji cheo, anahitaji kusikilizwa, kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba atakayeshika kadi anaongoza mpaka aliyetajwa kwenye mpango afike, hata kama ndani kuna mwenye miaka 20 kazini. Bila makubaliano hayo kadi ni karatasi. Mkikwama ndani, kumbukeni wilaya ina kamati ya usimamizi wa maafa chini ya Mkuu wa Wilaya, na hospitali ina mtu anayekaa humo.

Nikuonye jambo moja kabla hujawaka moto wa kasi. Si kila janga linataka mbio. Machi 2023 Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaoambukiza, ulipotangazwa Kagera, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Katika janga la namna hiyo anayekimbilia mgonjwa bila kuvaa kinga anaongeza mgonjwa. Kwa hiyo dakika 10 zako za kwanza ziwe na swali la mwanzo kabisa kabla ya yote: hapa pana hatari kwangu? Moto, umeme, kemikali, maambukizi. Glavu zile ulizoziangalia usiku ule bila kuzivaa, kumbe zilikuwa hatua ya kwanza sahihi. Ilibaki kuzivaa tu.

Sasa wewe mwenyewe. Moyo kuruka ukisikia breki, wiki za mwanzo baada ya tukio kama hilo, ni mwili unaoendelea kulinda mlango. Kwa wengi hupungua taratibu kadiri siku zinavyokwenda. Usijilazimishe kulisimulia kila mahali, wala usikubali kikao cha kuwaketisha wote na kuwataka mmwage kila kitu kwa mara moja. Utafiti umeonesha kikao cha namna hiyo cha mara moja hakizuii ugonjwa wa msongo unaofuata tukio, na wengine huwaumiza. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida kabisa: kulala, kula, kukaa na mtu unayemwamini asiyekuharakisha, kurudi kazini kwa kiasi. Kikao cha timu cha kuchambua kazi (nini kilikwenda, nini hakikwenda, boksi liwe wapi) ni kitu kingine, hicho kifanyeni.

Lakini wewe umefikisha wiki tano, na mwezi mmoja ndio mpaka ninaouangalia. Kama breki ndiyo dalili pekee na inapungua, endelea kujiangalia. Kama picha ya yule baba inakujia mchana bila kuiita, ndoto zinakuamsha, unabadilishana zamu ili usikae mapokezi, umeanza kunywa ili ulale, au umeshika diazepamu (dawa ya kutuliza) ya kabatini "kwa leo tu", nenda ukaonwe ana kwa ana na daktari au muuguzi wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa wapo. Kama hutaki wa kwenu wajue, nenda mkoa wa jirani, hakuna dhambi. Kuna tiba ya mazungumzo inayofanya kazi vizuri kwa hali hii, na ikianza mapema ni bora. Na kama imefika mahali unawaza bora usingekuwepo, usingoje kliniki wala likizo. Mwambie mtu leo, akupeleke leo, kama ambavyo wewe ungempeleka mwenzako.

Kesho ukiingia zamu, kabla hujapokea ripoti, mtafute yule mhudumu. Mwombe akusimulie usiku ule kwa macho yake, alikuona umesimama kwa muda gani. Nina hakika atakuambia muda mfupi kuliko unaoukumbuka. Kisha mwende naye mkatafute spana ya mtungi wa oksijeni iko wapi.